Pini ya Mia

"Mama, zima cherehani kidogo."

Mama Twiga akainua mguu kwenye kanyagio. Sindano ikasimama katikati ya ukosi wa shati la shule, na chumba kikabaki na sauti ya redio peke yake: shhhh, kama mchele unaomiminwa kwenye gunia lisilo na kitako.

"Bado," akasema binti yake kutoka chini ya meza. "Si cherehani."

"Unaona? Cherehani yangu imesingiziwa miaka yote."

Alisema kwa utani, ila vidole vyake vilikuwa vimeukamata ule ukosi kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

Twiga akatoka chini ya meza, magoti yamejaa vumbi. Urefu wake ndio uliompa jina. Baba yake alimwita hivyo tangu ana miaka sita, na mtaa mzima ukafuata. Sasa alikuwa na ishirini na mbili, na alikuwa amevaa koti la kazi la marehemu baba yake bila kuhitaji kukunja mikono. Tangu asubuhi alikuwa akiisaka ile kelele kama mtu anayesaka chawa. Amechomoa friji. Amezima taa zote. Ametoa chaja ya simu ukutani. Redio haikujali.

Na hii haikuwa redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii unaongea nayo, na mtu aliye mbali, ambaye hujawahi kumwona wala hutamwona, anakujibu. Baba Twiga aliipenda kuliko usingizi. Kila Jumamosi saa kumi alikaa pale kwenye kona, kipaza sauti mdomoni, "halo, halo, halo," hadi majirani wakambatiza Halo-Halo. Chumba kilikuwa kimoja, meza mbili: yake ya redio na ya mkewe ya kushonea, zimepeana migongo. Miaka miwili sasa kiti kile kilikuwa hakina mtu. Lakini Jumanne ya wiki iliyopita leseni ya Twiga ilikuwa imefika, imepigwa mhuri, na Twiga alikuwa ameifunua redio ile shuka lake kama anayemfunua mgonjwa aliyepona.

"Saa nane na nusu," Twiga akasema, akitazama saa. "Nina saa moja na nusu tu. Mzee Kikohozi, yule rafiki wa baba wa redioni, anaingia saa kumi."

"Atakuwepo hata Jumamosi ijayo, mwanangu."

"Mama, Jumamosi iliyopita nilimsikia. Mbali sana, kama mtu anayeongea kichwa kikiwa ndani ya mtungi. Akakohoa mara mbili, kama baba alivyokuwa akimwigiza. Halafu akasema, 'Halo-Halo, upo?' Akangoja. Akasema tena, 'Halo-Halo, upo?'" Twiga akaifuta redio vumbi kwa kiganja. "Miaka miwili anamwita. Hakuna aliyemwambia. Leo nitamwambia mimi."

Sauti ile hata Mama Twiga alikuwa ameisikia, akiwa mlangoni na sinia mkononi. Lakini yeye hakuwa amesikia mzee anayekohoa. Alikuwa amesikia mume wake.

"Nipe ile mita ya baba."

Alimpa. Ilikuwa kifaa kidogo cha njano chenye miguu miwili ya waya, mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Twiga akafungua waya wa antena nyuma ya redio. Ulikuwa waya mweusi, mnene kama kidole cha mwisho. Ulitoka pale mezani, ukatambaa na ukuta, ukapita nyuma ya kabati la nguo, ukatokea kwenye tundu la dirisha, ukapanda bomba la chuma uani hadi kileleni. Ndani yake mna shaba mbili: moja ipo moyoni, nyingine imefumwa kama soksi kuizunguka, na katikati yao plastiki nyeupe ili zisigusane kamwe. Zikigusana, redio inakuwa kiziwi. Huhitaji shule kubwa kulielewa hilo; Mama Twiga aliishia la saba na alilielewa vizuri mno.

Twiga akagusisha mguu mwekundu kwenye moyo, mweusi kwenye soksi. Mita ilitakiwa inyamaze.

Mita ikalia. Piiiii.

"Zinagusana," Twiga akasema. "Maji yameingia juu, kwenye kiungio. Mita haidanganyi." Akafyonza meno.

Mama Twiga akageuka kwenye kiti. Maneno yaleyale. Yalikuwa yamesemwa pale pale, kwa mpangilio ule ule, na baada yake meno yakafyonzwa vile vile. Mdomo tu ndio uliokuwa mwingine.

"Lazima bomba lishuke," Twiga akaendelea, "nikikaushe kiungio, nikifunge upya. Nimeshamwita shangazi aje ashike kamba."

"Leo kuna upepo."

"Upepo huo wa kuanikia nguo, mama?"

"Muite fundi Jumatatu."

"Fundi ni mimi." Akacheka, akachukua spana, akatoka.

Mama Twiga akabaki na cherehani yake. Kwenye meza kulikuwa na kopo la pini na sumaku ya mviringo, nyeusi, nzito. Sumaku ile mumewe aliitoa kwenye spika iliyokufa, akampa amuokotee pini sakafuni. "Zawadi ya arusi iliyochelewa," alisema siku ile. Pini zilipokuwa mpya zilikuwa mia. Kila jioni kabla ya kufunga kazi alizihesabu, na kila jioni zilikuwa tisini na tisa, na hakuwahi kununua nyingine.

Sasa lisemwe lile ambalo Mama Twiga hakumwambia mtu.

Mota ya cherehani inakoroma hewani. Mumewe alimweleza hivyo mwaka wa kwanza wa ndoa: mke wangu, ukishona mimi sisikii kitu, nasikia mbu elfu. Basi kila Jumamosi saa kumi cherehani ilizimwa. Akavumilia. Mtu anayejua mvua imenyesha wapi katika nchi za watu, hajui mwanawe anafanya mtihani lini. Akavumilia na hilo. Lakini Jumamosi moja alikuwa na mashati thelathini ya shule ya kupeleka kesho yake asubuhi, na mume akanyoosha mkono tu, bila hata kugeuka, akachomoa plagi yake ukutani. Hakusema naomba. Alisema, "Halo, halo."

Akatoka nje kukojoa, yule bwana, dakika moja. Na katika dakika hiyo Mama Twiga alichukua pini moja, akaichoma kwenye waya mweusi ikazama hadi kwenye moyo wa shaba, akakata kichwa chake kwa koleo la mezani ili isionekane. Hasira yake ilikuwa ya saa moja. Alitaka kushona mashati. Pini angeitoa kesho jioni, mume angefurahi, angesema hali ya hewa imekaa vizuri.

Mume aliporudi akakuta redio imekuwa kiziwi. Akachukua mita. Mita haidanganyi, akasema.

Jumapili asubuhi, mke akiwa amekwenda kupeleka mashati, yeye akalishusha bomba peke yake. Nje ya ukuta wa uani zinapita nyaya za umeme, tatu, tupu, juu ya nguzo. Upepo ukalichukua bomba. Mama Twiga alirudi na kapu tupu akakuta watu wamejaa mlangoni, na sauti moja inapiga kelele: "Asimguse mtu! Asimguse mtu!"

Baada ya maziko alipima kwa tepu yake ya kushonea, akiwa peke yake, amepiga magoti mchangani. Kutoka chini ya bomba hadi chini ya zile nyaya: futi kumi na tano. Urefu wa bomba: futi ishirini na nne. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, na hakuna mtu mzima aliyekuwa ameifanya. Hata yeye hakumwambia mtu jibu lake, kwa kuogopa swali ambalo lingefuata: alilishusha kufuata nini? Na bomba likasimamishwa tena pale pale, kwa sababu Twiga alilia kwamba lisilale, likilala ni kama baba amelala mara mbili.

Uani, mlango wa geti ukalia.

"Hodi wenyewe! Nimekuja kushika kamba, ila kama kuna chai nitaishika kwanza." Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, msusi, mnene, mwenye kicheko kinachotangulia mwili. "Wewe Twiga, mikono ya kushika kamba ninayo. Mikono ya kukudaka wewe ukianguka ndiyo sina. Una miguu mirefu, tutakudaka na nani?"

"Sipandi, shangazi. Tunalilaza tu."

"Afadhali. Wifi! Uko wapi? Njoo uone mwanao anavyotuamrisha, baba yake mtupu!"

"Nakuja," akajibu Mama Twiga kutoka ndani. Lakini hakwenda.

Akafunga mlango wa chumba. Akakata uzi mrefu, akaufunga kwenye sumaku, akainyanyua ikawa inaning'inia kama timazi la mwashi. Akaanza pale mezani, akaipitisha taratibu juu ya waya. Shaba haishikwi na sumaku, pini inashikwa. Akiipata ataivuta kwa koleo, atafungua dirisha aseme, mwanangu, redio imepona yenyewe, achaneni na bomba. Yasingejulikana. Angekufa nayo.

Alikuwa ameshaitafuta mara nyingi kwa ncha za vidole. Lakini shemeji yake, kaka wa marehemu, alikuwa amepaka rangi nyumba nzima ili isikae na sura ya msiba, akapaka na waya humo humo, rangi juu ya rangi. Sumaku ikapita, ikapita. Haikutikisika. Nje, spana ilikuwa ikigonga chuma: ko, ko, ko.

"Boliti ya kwanza imetoka!" Twiga akasema kule nje.

Sumaku ikafika kwenye ukingo wa kabati la nguo, ikatulia. Na Mama Twiga akatulia nayo. Kabati. Siku ile halikuwepo hapo. Lilikuwa upande wa mlango. Shemeji alilihamisha akipaka rangi, na likabaki. Aliichoma hapo, usawa wa kiuno, hatua mbili kutoka mezani, pale alipoweza kufika kabla choo hakijafunguliwa. Iko nyuma ya kabati.

Akaweka bega. Kabati halikusogea hata unywele. Ndani mlikuwa na nguo za mumewe zote, hakuwa ametoa hata moja. Akaweka bega tena, miguu ikateleza sakafuni. Kwenye meza redio iliyokatwa waya iliendelea na shhhh yake ndogo, na ndani ya ile shhhh, hakika kabisa, mtu alivuta pumzi.

"Shangazi, kaza upande wako! Upepo unalivuta ukutani."

"Nimekaza! Lizito kama deni la mkweo, hili!"

"Nikihesabu tatu unaachia kidogo kidogo. Moja..."

Mama Twiga hakukumbuka baadaye kama alifungua mlango au alipita juu yake.

Bomba lilikuwa limeinama. Kilele chake kilikuwa kikichora duara angani, na duara lilikuwa likijongea ukutani, upande wa zile nyaya. Twiga alikuwa ameshika bomba kwa mikono yote miwili, koti la baba yake linapepea.

"Lisimamisheni!"

"Wifi, usinishtue, nitaachia kweli!"

"Lisimamisheni, nawaambia! Lisimame!" Akaishika kamba mbele ya mikono ya wifi yake, akavuta kwa uzito wote aliokuwa nao. Bomba likasita, likafikiri, likarudi. Twiga, ambaye hajawahi kumsikia mama yake akipiga ukelele hata siku ya msiba, akalirudishia boliti yake.

"Mama, una nini? Tungelishusha..."

"Hakuna maji huko juu."

"Mita imelia."

"Mita imesema kweli. Ni pini. Iko kwenye waya, ndani, nyuma ya kabati. Niliichoma mimi."

Wifi akacheka kidogo, kama anayesubiri mwisho wa utani. Kisha akaacha.

Twiga akaiweka spana chini. "Lini?"

Na hapo ndipo palipokuwa na mlango wazi, mpana, ambao yeyote angepita. Angeweza kusema wiki hii. Niliichoma wiki hii, mwanangu, niliogopa utalishusha bomba kama baba yako. Twiga angemkumbatia. Wifi angemtania hadi wajukuu. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tamu.

"Ile Jumamosi," akasema Mama Twiga.

Hakuna aliyeuliza Jumamosi gani.

Wifi alianza kuikunja kamba. Aliikunja kiwikoni, mzunguko juu ya mzunguko, taratibu, akitazama kamba tu. Ilikuwa ndefu ile kamba. Ilipobaki ile ncha iliyofungwa kwenye bomba akaiacha hapo hapo, akakaa kwenye kizingiti na rundo lake mapajani.

"Kesho yake ungeitoa?" Twiga akauliza.

"Jioni hiyo hiyo ya Jumapili. Nilikuwa nimeshaweka koleo tayari kwenye mfuko wa gauni. Nilikwenda nalo sokoni. Nilikuwa nalo mfukoni wakati..."

Twiga akapita mbele yake bila kumgusa, akaingia ndani.

Kabati likasukumwa na watu watatu. Wifi aliinuka bila kuitwa, akaweka bega lake kubwa katikati, akasukuma pamoja nao, akarudi kwenye kizingiti. Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa na rangi ya zamani, kijani, shemeji alikuwa amepaka palipoonekana tu. Mama Twiga akaishusha sumaku kwa uzi wake. Ikashuka, ikayumba, na usawa wa kiuno ikaruka yenyewe ikaubusu waya. Tik.

Twiga akakwangua kwa ukucha. Kichuma kikang'aa, kidogo kuliko punje ya mtama. Mama akamnyooshea koleo. Twiga akalitazama lile koleo kabla ya kulipokea, kisha akavuta. Pini ikatoka na kutu ya miaka miwili, fupi, haina kichwa.

Akagusisha mita. Kimya.

Akarudisha waya kwenye redio, akafungua sauti. Kwanza ikaja shhhh nyingine, pana, yenye kina, kama mtu amefungua dirisha la nyumba iliyofungwa. Sauti za watu zikapita, kwa lugha za watu, karibu kabisa. Twiga akazungusha kitufe taratibu hadi palipokuwa na alama ya kalamu ya baba yake. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika nne.

Kikohozi. Mara mbili.

"Halo-Halo," ikasema sauti ya mzee, safi, kana kwamba ameketi nao. "Halo-Halo, upo?"

Mama Twiga alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kushonea bila kujua ameketi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi iliyopita aliisikia ni ya nani: ya mzee tu, mgeni, aliyechoka kidogo, mwenye kifua kibaya.

Twiga alikichukua kipaza sauti. Akakipandisha mdomoni. Kidole kikabonyeza kitufe cha kusemea kwa pumzi moja, kikakiachia. Kisha akageuka, akavuka ile nafasi ndogo kati ya meza mbili, akakilaza juu ya kitambaa, mbele ya mama yake, kati ya kopo la pini na ukosi ambao haujaisha kushonwa. Hakumwangalia. Akabaki amesimama pale, koti limemkaa mabegani vizuri kabisa.

Uani ile ncha ya kamba ilikuwa ikipigapiga bomba kwa upepo.

"Halo-Halo," mzee akasema tena. "Leo nakusikia kama unapumua. Nangoja."

Na redio ikanyamaza, ikingoja.